Habari za Nchi Isiyo na Udongo

Tarehe 23 Juni 2003, katika mji wa San Francisco huko Marekani, kampuni ya Linden Lab ilifungua nchi ambayo haikuwa na udongo, wala njaa, wala makaburi, na ambayo wakazi wake wote walikuwa wameketi majumbani mwao mbele ya kompyuta, kila mmoja akijidhihirisha kwa wenzake katika umbo la picha liitwalo avata. Nchi hiyo iliitwa Second Life, na mwasisi wake, Philip Rosedale, aliyeianzisha kampuni hiyo mwaka 1999, hakuikusudia kuwa mchezo, maana haikuwa na adui wa kuuawa, wala alama za kuhesabiwa, wala mshindi wa kutunzwa. Bali aliikusudia kuwa kiwanja kitupu ambacho watu wangekijaza kwa ustadi wao wenyewe. Miaka ishirini na ushei imekwisha pita, na tarikhi yake sasa ni ndefu kiasi cha kusomwa kwa utulivu, mbali na shangwe za wale waliodhani kwamba wanadamu wote watahamia huko, na mbali na kejeli za wale waliodhani kuwa ni upuuzi mtupu. Mwenye kuisoma kwa insafu ataona kwamba malimwengu ya namna hii hayazai haja ya watu, bali huihudumia haja iliyokuwapo tangu kabla. Na ya kwamba kila yalipodai kuwa dola zinazojitegemea, mwili wa mwanadamu, sheria za nchi na mwenye kumiliki mtambo viliyarudisha nchi kavu.

Second Life haikuzuka bila ya nasaba. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akaipokea na kuiendeleza; nayo ilikuwa ulimwengu wa maneno matupu, ambamo mchezaji alisoma sifa za mahali aliposimama, akaandika amri ya kwenda kaskazini au ya kuokota upanga, na papo hapo akakutana na watu wengine waliokuwa wakiandika kama yeye. Mwaka 1986 picha zilichukua nafasi ya maneno, pale kampuni ya Lucasfilm Games ilipoutia majaribioni ulimwengu wa Habitat, kazi ya Chip Morningstar na Randall Farmer, ambao Wamarekani waliuingia kwa kompyuta ndogo za Commodore 64 zilizounganishwa na nyaya za simu za nyumbani.

Kisa cha fedha za Habitat kinastahili kuelezwa kwa ukamilifu, kwa sababu mambo mengi yaliyotokea baadaye yamo ndani yake. Mkazi mpya alipewa sarafu 2,000 za kuanzia maisha, na katika miji ya humo zilitawanywa mashine za kuuzia vitu na mashine za kuvinunua vitu kutoka kwa wakazi. Kwa taksiri ya wapanga bei, mwanasesere aliuzwa kwa sarafu 75 mahali pamoja na kununuliwa kwa sarafu 100 mahali pengine, na tufe la bilauri likauzwa kwa sarafu 18,000 ilhali mashine nyingine ililinunua kwa sarafu 30,000. Wakazi wachache walioligundua jambo hilo hawakulala: walikwenda na kurudi usiku kucha wakichuuza wanasesere, mpaka walipopata mtaji wa kununua matufe, kisha wakaendelea na matufe, na kulipokucha, wenye ulimwengu walikuta kwamba jumla ya fedha iliyokuwamo nchini imekuwa mara tano ya ile ya jana. Walipoulizwa, wachuuzi hao walijibu kwamba mali wameipata kwa haki, na jawabu lao halikuweza kupingwa. Lakini la kustaajabisha zaidi ni kwamba hawakuificha mali hiyo, bali waliitumia kuwaandalia wenzao mashindano ya kutafuta hazina, wakatoa zawadi kutoka mifukoni mwao. Morningstar na Farmer, walipoandika baadaye juu ya kazi yao, walikiri kwamba ulimwengu wenye watu ndani yake hauwezi kupangwa wote kutoka juu, maana watu hufanya yao.

Ulimwengu wa LambdaMOO, uliofunguliwa mwaka 1990 na Pavel Curtis, mtafiti wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto, ulirudi kwenye maneno matupu, nao uliigwa kwa nyumba ya Curtis mwenyewe, hata mgeni alipoingia alijikuta amesimama katika kabati la kutundikia makoti, akawa hana budi kufungua mlango ili atokee sebuleni kwenye mazungumzo. Mwezi Desemba 1992 mafundi waliokuwa na mamlaka yote ya mtambo huo, wakiwa wamechoshwa na kesi za wakazi, walitangaza kwamba kuanzia siku hiyo watashughulika na mtambo peke yake na hawatahukumu tena ugomvi wa watu. Haikupita miezi mingi, mwaka 1993, mkazi mmoja akatumia hila ya programu kuwafanya wenzake waonekane mbele ya hadhara wakitenda mambo ya fedheha ambayo wao hawakuyatenda. Na ijapokuwa hapakuwa na mwili ulioguswa, waliotendewa walihisi aibu na uchungu wa kweli, wakadai haki. Ndipo zikaanzishwa hati za maombi na kura za wakazi wote, jaribio la utawala wa raia ambalo lilidumu kwa taabu mpaka mwaka 1996, mafundi walipotangaza kwamba utawala usio na mkono wao umeshindikana. Somo la LambdaMOO halikufutika: aliyeshika mtambo ndiye mtawala, apende asipende, na hata kujiuzulu kwake ni amri.

Baada ya hapo wachumi pia wakatupa macho. Mwaka 2001 Edward Castronova, mwalimu wa chuo kikuu huko California, aliyachunguza mauzo ya vitu na fedha za Norrath, nchi ya mchezo wa EverQuest, ambavyo wachezaji waliuziana kwa dola halisi nje ya mchezo, akakadiria kwamba pato la kila mkazi ni dola 2,266 kwa mwaka, kiwango kilichoiweka Norrath kati ya Urusi na Bulgaria. Hesabu hiyo iliwashangaza wengi, ingawa maana yake ilikuwa nyepesi: kazi ya mtu, hata akiifanya juu ya kitu kisichoshikika, ina thamani maadamu yupo mwingine aliye tayari kuilipia.

Basi Second Life ilipofunguliwa ilirithi maarifa hayo yote, pamoja na matatizo yake. Katika miezi ya awali ilitawaliwa kwa kodi: kila kitu alichokiumba mkazi, kiwe kiti, ukuta au mti, kilihesabiwa vipande vyake, naye akatozwa kwa kadiri ya vipande hivyo, kwa hoja kwamba kila kipande kinauelemea mtambo. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli kwa mafundi, lakini ilimwadhibu mtu kwa bidii yake, kwa kuwa aliyejenga zaidi ndiye aliyelipa zaidi, na aliyekaa bure hakudaiwa kitu. Wakazi waliokuwa wakijenga mahali palipoitwa Americana, ambapo walisimamisha mifano ya majengo mashuhuri ya kwao, walishindwa kuvumilia. Na mwezi Julai 2003 wakaitanda nchi kwa makasha makubwa ya chai na mabango ya malalamiko, wakiiga kisa cha wahenga wao wa Boston walioimwaga chai ya Mwingereza baharini mwaka 1773. Kampuni ilisalimu amri. Mwezi Novemba ilitangaza kwamba kila mkazi atakuwa na haki miliki ya alichokibuni, na mwezi Desemba kodi ya vitu ikafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na ijara ya ardhi.

Ardhi hiyo ilipimwa kwa vipande vya mraba, kila kimoja mita 256 kwa mita 256, na nyuma ya kila kipande palikuwa na sehemu ya kompyuta kubwa, yaani seva, iliyokibeba. Aliyetaka kisiwa kizima chake peke yake alilipa, tangu mwishoni mwa mwaka 2006, dola 1,675 za kuanzia na dola 295 kila mwezi. Na fedha ya humo, dola ya Linden, ilibadilishwa sokoni kwa zaidi ya 250 kwa dola moja ya Marekani. Hapo ndipo walipozaliwa madalali. Mashuhuri wao alikuwa Ailin Graef, mzaliwa wa China aliyefanya makazi yake Ujerumani, ambaye kwa jina la avata yake, Anshe Chung, alinunua vipande kwa jumla, akavichonga milima na fukwe, akavigawa viwanja vidogo na kuvipangisha kwa rejareja. Mwezi Mei 2006 sura ya avata yake ilitokea juu ya jalada la gazeti la BusinessWeek, na mwezi Novemba akatangaza kwamba mali yake ya humo imepita dola milioni moja. Hesabu hiyo ilikuwa ya viwanja na fedha za humo kwa bei ya siku ile, na si dola zilizokwisha kutiwa mfukoni. Lakini habari husafiri haraka kuliko maelezo yake, na makampuni yakaanza kuingia kwa msururu.

Yaliingia kwa taadhima kubwa. Kampuni ya nguo ya American Apparel ilifungua duka katikati ya mwaka 2006, shirika la habari la Reuters likampeleka mwandishi wake akae humo, na mwezi Mei 2007 Maldivi ikawa nchi ya kwanza kufungua ubalozi, ikafuatwa siku chache baadaye na Sweden, ambayo Waziri wake wa Mambo ya Nje, Carl Bildt, alikata utepe kwa mkono wa avata mbele ya jengo lililoigwa kwa ubalozi wa nchi yake mjini Washington. Ubalozi huo haukutoa viza wala pasipoti. Ulitoa picha na maelezo, ambayo mtu angeweza kuyasoma mahali pengine bila ya kujifunza kwanza namna ya kutembea na kuruka. Duka la nguo nalo liliuza fulana za picha za kuvaliwa na picha. Aliyepita humo baada ya wiki ya ufunguzi alikuta majumba ya fahari yamesimama na hapana mtu, kama uwanja wa gulio siku isiyo ya gulio. Na mwaka 2007 haujamalizika, American Apparel walikwisha kufunga.

Sababu ya ukiwa huo haikuwa fumbo. Wenye maduka na balozi walidhani kwamba mahali penyewe patawavuta watu, ilhali mtu haendi mahali ila kwa shauri, na hao hawakuwa na shauri la kumpa. Fauka ya hayo mtambo wenyewe uliukataa umati: kipande kimoja cha ardhi, kwa kuwa kilibebwa na sehemu moja ya seva, kiliweza kupokea avata arubaini hivi kwenye ardhi ya bara, na mia moja kwa tabu visiwani; zikizidi hapo, nyendo zilikwama, nguo hazikutokea miilini, na maneno yalichelewa. Ulimwengu uliosifiwa kwamba utawakusanya mamilioni haukuweza kulijaza jumba moja la harusi.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki mpaka huo ulikuwa mfinyu zaidi. Katika miaka ya 2006 na 2007, sifa za Second Life zilipokuwa zimepanda juu kabisa, hapakuwa na mkongo wowote wa baharini uliofika kwetu. Intaneti yetu ilipitia setilaiti zilizoko kilomita 36,000 juu ya ardhi, kwa gharama kubwa na kwa ucheleweshaji ambao barua huuvumilia lakini mwendo wa avata hauuvumilii. Mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi mwezi Julai 2009, ukifika Mombasa na Dar es Salaam, shangwe za Second Life zilikwisha kupoa. Na watu wetu wengi waliopata intaneti baada ya hapo waliipata katika simu ya mkononi, ilhali nchi ile ilijengwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani yenye nguvu. Umbali, ambao wasifiaji walidai kwamba umefutwa, ulikuwa umejificha katika nyaya na bei zake.

Hata hivyo haitakuwa insafu kuyataja magofu na kuyaacha mavuno. Karibu na mwaka 2005, katika kituo kimoja cha kulelea watu wazima huko Boston, watu tisa waliozaliwa na mtindio wa ubongo, ambao wengi wao hawakuweza kutembea wala kusema kwa kueleweka upesi, waliingia Second Life kwa avata moja iliyoitwa Wilde Cunningham. Mlezi wao alishika kinanda cha kompyuta, nao wakashauriana juu ya kila jambo: waende wapi, waseme nini, nyumba yao iwe na umbo gani, na jirani waliokutana nao humo walizungumza nao kwanza kama watu, kabla ya kuviona viti vyao vya magurudumu. Haja ya kuzungumza na kuheshimiwa walikuwa nayo tangu zamani. Ulimwengu pepe uliwaondolea kizuizi kimoja tu, nacho kikatosha kuwa faida kubwa.

Mifano mingine yenye mafanikio ina tabia hiyo hiyo. Mwaka 2006 Charles Nesson wa chuo cha sheria cha Harvard, pamoja na binti yake Rebecca, walifundisha humo somo lililowaleta katika baraza moja wanafunzi waliokuwa chuoni na wengine waliokuwa mbali wasioweza kufika. Kuanzia mwaka 2005 Shirika la Saratani la Marekani lilifanya humo matembezi yake ya kuchangisha fedha kila mwaka, na mwaka 2007 mchango ulipita dola 100,000. Tarehe 27 Septemba mwaka huo huo wafanyakazi wa IBM nchini Italia, waliokuwa wakigombana na kampuni juu ya malipo yao, waliandamana na wenzao wa nchi nyingi mbele ya majengo ya IBM yaliyomo Second Life, avata zaidi ya 1,800 kwa siku moja. Na baada ya kitambo mkuu wa kampuni huko Italia akaondoka na mapatano mapya yakatiwa saini. IBM yenyewe ilifanya humo mkutano wa wataalamu wake mwaka 2008, ikasema kwamba gharama yake ilikuwa takriban moja ya tano ya mkutano wa kukutana ana kwa ana. Darasa, sadaka, mgomo na baraza la wataalamu, yote yalikuwa na watu wake na shauri lake kabla ya mtu yeyote kuwasha kompyuta.

Sayansi nayo ilipata fungu lake, pamoja na onyo. Mwezi Septemba 2005, katika mchezo wa World of Warcraft, laana iliyokusudiwa kuwadhuru wachezaji ndani ya eneo moja tu ilitoka nje kwa njia ya wanyama waliofuatana nao, ikaenea mijini mithili ya tauni. Wengine wakakimbilia mashambani, wengine wakajitolea kuwatibu wagonjwa, na wengine wakaisambaza kwa makusudi. Mwaka 2007 Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika katika jarida la tiba kwamba msiba huo waweza kuwafunza wataalamu tabia za watu wakati wa maradhi. Ni kweli, lakini afaye katika mchezo hufufuka baada ya dakika chache, na mtu asiyehofia mauti si shahidi kamili wa namna watu wanavyoyakimbia.

Inabaki habari ya sheria, ambayo ndiyo mpaka wa mwisho na mgumu kuliko yote. Mwezi Novemba 2006 ilienea programu ya CopyBot, iliyoweza kunakili kitu chochote kilichoonekana, na wenye maduka wengi wakafunga milango kwa hasira, kwa kuwa haki miliki waliyoahidiwa haikuwa na kufuli. Mwezi Julai 2007 kampuni ilipiga marufuku kamari. Na mwezi uliofuata benki ya humo iliyoitwa Ginko Financial, iliyowaahidi wenye akiba riba ya zaidi ya 40 kwa mia kwa mwaka, ilishindwa kuwalipa waliokuja kwa wingi kutoa fedha zao, nao wakapoteza amana iliyokadiriwa kuwa ya dola 750,000. Hapakuwa na kadhi wa kuwasikiliza. Januari 2008 kampuni ikaamuru kwamba hapana mtu atakayeahidi riba humo pasipo leseni ya serikali halisi, na benki za picha zikatoweka. Marc Bragg, wakili wa Pennsylvania ambaye ardhi na fedha zake zilizuiliwa kwa kudaiwa kwamba alinunua viwanja kwa hila katika mnada, hakulia humo ndani. Alikwenda mahakamani kwao, na mwaka 2007 jaji alikataa sharti la kampuni lililotaka ugomvi wote uamuliwe kwa njia iliyoichagua yenyewe. Walipatana baadaye, lakini ilikwisha dhihirika kwamba raia wa nchi isiyo na udongo, akidhulumiwa, hushitaki penye udongo.

Yaliyofuata yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Rosedale aliacha uongozi wa juu mwaka 2008. Google ilifungua ulimwengu wake wa Lively mwezi Julai mwaka huo na kuufunga mwezi Desemba. Ulimwengu wa There, jirani wa Second Life, ukafungwa mwezi Machi 2010, na nyumba zote za wakazi wake zikazimika pamoja na seva. Na mwezi Juni mwaka huo Linden Lab ikapunguza theluthi moja hivi ya wafanyakazi wake. Maradhi ya mwaka 2020 yalipowafungia watu majumbani, wengi wao hawakutafuta avata, bali walitafuta madirisha madogo yenye nyuso halisi za wenzao. Tarehe 28 Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ilijibadilisha jina ikawa Meta, ikaitangaza ndoto ile ile kama jambo jipya, na idara yake ya kazi hiyo ikapata hasara ya dola bilioni 13.7 katika mwaka 2022 peke yake. Second Life yenyewe, pasipo kelele, ingali hai, na wakazi wake wa leo ni wale walioingia kwa haja yao na kubaki kwa ajili ya wenzao.

Kwa hiyo anayefikiria leo kujenga darasa, hospitali au soko katika ulimwengu wa namna hii ana maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kulipa. La kwanza ni kama wapo watu wanaotaka kukutana na wamezuiliwa na umbali au udhaifu wa mwili. Wakiwapo, ulimwengu pepe utawafaa hata ukiwa na picha duni, na wasipokuwapo, hapana uzuri wa picha utakaowaumba. La pili ni nani mwenye kushika mtambo, na mkataba unasema nini siku atakayoamua kuuzima. Wakazi wa There hawakuwa na jibu la swali hilo la pili siku seva zilipozimwa.